Koti la Bwana Harusi

Wa kwanza kumwona bwana harusi alikuwa mama mdogo Turan, kwa sababu mama mdogo Turan siku zote ndiye wa kwanza kuona kila kisichomhusu. Alikuwa amejibanza dirishani, sahani ya lozi mkononi, pua imegusa kioo chenye ukungu wa baridi.

"Yarabi toba," alisema. "Huyu amekuja kuoa au amekuja kutukamata?"

Mahrokh alikuwa ameketi chini mbele ya kioo kikubwa cha harusi, shela jeupe limemfunika mpaka mabegani. Hakugeuka. Bi harusi hageuki.

"Amevaa nini, mama mdogo?"

"Vifungo, mwanangu. Amevaa koti la jeshi limefungwa mpaka kooni, hata shingo haionekani. Anatembea kama kabati."

"Na suti?"

"Suti siioni."

"Maua?"

"Maua nayo siyaoni. Labda yako mahabusu pamoja na kaka yako."

Wanawake waliokuwa wakipanga mayai yaliyopakwa rangi na mkate wa baraka juu ya kitambaa cha harusi walibaki mikono hewani. Hakuna mtu wa Isfahan asiyejua kuwa suti ya bwana harusi hutoka kwa watu wa bi harusi. Ile ya kijivu ilishonwa na mjomba wa Mahrokh mwenyewe, usiku kwa mshumaa kwa kuwa umeme ulikuwa ukikatwa, na ikapelekwa kwa kina Forutan ndani ya bunda la hariri na kikapu cha peremende. Kuja bila kuivaa ni sawa na kumtupia baba mkwe viatu usoni. Kuja na koti la jeshi la Mfalme, wakati Mfalme mwenyewe ameshapanda ndege na kuondoka, katika mtaa ambao kila ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu jinsi anavyotakiwa asirudi, huko ni kutupa viatu na kuvifuata kwa teke.

Mahrokh alijitazama kiooni. Alikuwa mzuri, na hilo lilimuudhi zaidi.

Miaka miwili nyuma, Ardeshir Forutan aliingia dukani kwa baba yake, Haji Nasrollah, anayechapa vitambaa kwa mihuri ya mbao, akamnunulia mama yake kitambaa cha meza. Kesho yake akakirudisha. Keshokutwa akaja kukinunua tena. Wiki ikaisha kitambaa kinakwenda na kurudi, mpaka Haji akamwambia, "Kijana, kama unamtaka binti yangu mlete mama yako, kitambaa changu kinachakaa." Wakacheka wote. Siku zile hata maafisa wa jeshi walikuwa wakicheka.

Kisha nchi ikashika moto. Kaka yake Mahrokh, Yunes, mwanafunzi mwenye mdomo mkubwa kuliko kifua, alikamatwa akiandamana, akafungiwa kambini. Na mkuu wa kambi alikuwa nani? Kanali Forutan, baba yake Ardeshir. Miezi miwili ya maombolezo ya dini ilipopita na harusi kuruhusiwa tena, Kanali alikuja, akaketi, akanywa chai yake taratibu, akasema, "Haji, harusi ikipita, Yunes atakuwa shemeji wa mwanangu. Mtu hamfungi shemeji wa mwanawe. Ikipita."

Hakusema isipopita itakuwaje, na hakukuwa na haja. Tangu siku hiyo Mahrokh hakupokea simu ya Ardeshir. Mwanamume aliyemrudishia baba yake kitambaa mara nne kwa ajili ya kumwona tu, sasa alikuwa ameuziwa mke kwa bei ya funguo za mahabusu, na hakufungua kinywa. Kumbe ndiye huyo.

Mlangoni vita vingine vilikuwa vimeshaanza.

"Tafadhali, Kanali, tangulia," ilisikika sauti ya Haji Nasrollah.

"Haiwezekani, Haji. Wewe mwenye nyumba."

"Wewe mgeni, wewe kichwa chetu. Naapa hutanitia aibu."

"Na mimi naapa hutabaki nyuma yangu."

Kwa kawaida ubishi huo ni adabu, na watu huumaliza kwa kicheko. Hawa wawili waliusema meno yamebana, kila mmoja amemshika mwenzake kiwiko, wanasukumana kwa heshima mpaka fremu ya mlango ikalia. Adabu ile ilikuwa haina mwanya hata wa kupitisha kisu. Mwishowe Sheikh Mortaza, aliyekuja kufungisha, mzee mwenye mafua, akapenya katikati yao akasema, "Mimi nitatangulia, nina baridi." Nao wakalazimika kumfuata.

Wanaume wakakaa kizingitini mwa chumba. Ardeshir peke yake aliingia mpaka ndani, akaketi kando ya Mahrokh. Alinuka baridi na petroli. Mama yake, Bi Shahin, mwanamke wa nywele zilizojengwa juu kama keki, na wanawake wengine wenye ndoa zilizotulia, walitandaza kitambaa cheupe juu ya vichwa vya maharusi. Bi Shahin akashika koni mbili za sukari, akaanza kuzisugua moja kwa nyingine, sukari inadondoka kitambaani ili maisha yao yawe matamu. Mama mdogo Turan, kwa kuwa ni mjane, hakuruhusiwa kugusa sukari. Kazi yake ilikuwa mdomo, na hakuna aliyemzidi.

Chini ya kitambaa, Mahrokh alifunua shela kama desturi inavyotaka, na wakaonana kiooni. Macho yake Ardeshir yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Yalimtazama kama mtu anayetazama maji. Moyo wake Mahrokh, mpumbavu yule, ukaruka. Akaukanyaga.

"Hongera, Luteni," alinong'ona. "Umependeza. Suti yetu imekubana kwapani?"

"Sikuivaa."

"Hilo nimeliona. Mjomba wangu amepofuka macho kwa kuishona."

"Nimempa aliyeihitaji zaidi."

"Ah! Umeigawa sadaka. Na maua pia umewagawia maskini?"

"Maua yalikwenda na suti."

Mahrokh alimkazia macho kiooni. Hata kudanganya hakujisumbua. Juu yao sukari iliendelea kukwaruza, kwaru, kwaru, na kwa jinsi ilivyopungua kasi ni wazi kuwa Bi Shahin alikuwa anasikiliza.

"Unajua unafananaje?" Mahrokh aliendelea. "Mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake bandarini. Risiti anayo baba yako."

Taya la Ardeshir lilikaza. "Mahrokh, chagua maneno."

"Nichague nini? Mimi nimeshachaguliwa."

"Basi sema hapana."

Aligeuza kichwa, akasahau kuwa bi harusi hageuki. "Umesemaje?"

"Sheikh akikuuliza, sema hapana. Nani amekushika mkono?"

Laiti angempiga kofi. Kofi lina heshima yake. Huyu anajua kabisa Yunes yuko nyuma ya nondo za Kanali, anajua jibu la Mahrokh ndilo ufunguo, halafu anamwambia aseme hapana, kwa sauti tulivu, kama anamkaribisha chai!

"Nilikuwa nakuchukia kidogo," alisema polepole. "Sasa nakuchukia vizuri."

"Afadhali. Chuki yako naiamini. Simu zangu kumi hukupokea, lakini chuki umeileta mwenyewe."

"Kumi na moja."

Ardeshir akainua macho kiooni. "Ulikuwa unahesabu?"

"Nilikuwa nahesabu kero."

Sheikh Mortaza alipenga kamasi, akasafisha koo. Akaanza kusoma, sauti yake ikapita juu ya vichwa vya wanaume: mahari, Msahafu, kioo na vinara viwili, na dhahabu waliyopatana. "Binti mtukufu, Mahrokh binti Nasrollah, unanipa uwakala nikuozeshe kwa Ardeshir mwana wa Forutan?"

"Bi harusi ameenda kuchuma maua!" walipaza wanawake, kama ilivyo ada, kwa maana binti mwenye staha hajibu mara ya kwanza.

"Imebidi aende mwenyewe," aliongeza mama mdogo Turan, "maana wengine wamekuja mikono mitupu."

Kicheko kilipita upande mmoja tu wa chumba. Bi Shahin akasugua sukari kwa nguvu hata kipande kikamwangukia mwanawe kichwani.

"Mama, taratibu," alisema Ardeshir.

"Nyamaza, unaoa," alijibu mama yake. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Na vua hilo koti, mwanangu. Jasho linakutoka, utatia aibu."

"Nahisi baridi, mama."

Baridi ilikuwepo kweli, kwani mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani mji mzima na jiko lilikaa pembeni kama pambo. Lakini jasho lilikuwa likimtiririka shingoni hadi ndani ya kola, Mahrokh aliliona. Ajabu. Wanaume wenye dhamiri safi hawatoki jasho katika baridi ile.

"Binti mtukufu," aliuliza Sheikh mara ya pili, "unanipa uwakala?"

"Bi harusi ameenda kuleta marashi ya waridi!"

"Na njiani," alisema mama mdogo Turan, "amesimama kambini kumsalimia kaka yake."

Safari hii hakucheka mtu. Kizingitini Haji Nasrollah aliinamisha kichwa. Kanali Forutan, aliyenyooka kama fimbo ya bendera, alitazama saa yake.

Ni kule kutazama saa kulikomkata Mahrokh. Baba yake, mtu anayesalimia hata paka wa jirani, ameinama kama mshitakiwa nyumbani kwake, na yule anahesabu dakika. Kaka yake atatoka, sawa. Atasema ndiyo, hilo limekwisha. Lakini hakuna aliyemwambia aiseme kwa unyenyekevu.

"Binti mtukufu, kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisema Sheikh, na kupiga chafya, "unanipa uwakala?"

"Bi harusi anataka zawadi ya kufungulia ulimi!" walipaza wanawake.

Bi Shahin alikuwa tayari nayo. Aliweka chini koni zake, akafungua kisanduku cha mahameli. Bangili ilitoka inang'aa, nzito, ya urithi wa ukoo. Aliipeleka kwenye mkono wa Mahrokh.

Mahrokh alirudisha mkono wake mapajani.

"Ahsante, mama," alisema kwa sauti iliyofika hadi uani. "Ni nzuri mno, sistahili. Mimi naomba zawadi nyingine."

"Nyingine ipi, mwanangu?"

"Hilo koti."

Kitambaa cheupe kikayumba. Mwanamke mmoja aliachia ncha yake, na sukari yote ya utamu wa maisha ikamiminika magotini mwa bwana harusi.

"Koti gani?" aliuliza Kanali.

"Alilovaa, baba. Kwenu mna desturi yenu, na sisi tuna yetu. Mume wangu alipaswa kuja na nguo ya kwetu, hakuja nayo. Basi aniachie ya kwenu, tuwe sawasawa. Bila hilo koti, ulimi wangu haufunguki."

"Kasema!" mama mdogo Turan alijipiga paja.

Uso wa Ardeshir ulikuwa umepauka. Siyo wa hasira, na hilo ndilo lilimshangaza. Ulikuwa wa hofu.

"Mahrokh," alinong'ona, "omba chochote kingine. Omba gari. Omba jino langu."

"Jino lako la nini? Vua."

"Si hapa. Nakusihi. Si mbele ya baba."

"Unamwogopa baba yako kuliko unavyoniogopa mimi?"

Akamtazama, moja kwa moja, siyo kiooni. Mtazamo mrefu, wa kiburi, uliochoka, na ndani yake bado kuna yule kijana wa kitambaa cha meza. Halafu akatabasamu upande mmoja, kama mtu anayekata shauri la kuruka kutoka juu ya paa.

"Hapana," alisema. "Katika hilo umenishinda."

Akaanza kufungua vifungo. Cha kooni. Cha kifuani. Akasimama, akalivua koti, akalikunja vizuri, na kuliweka mapajani mwa bi harusi.

Ndani alikuwa amevaa sweta.

Sweta ya kijani kama kasuku, ya kufumwa kwa mkono, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Upande wa kina Forutan wakaanza kunong'ona kwa aibu: mwana wa Kanali, kuja kuoa na sweta ya mchungaji! Lakini mama yake Mahrokh, aliyekuwa ameshika chetezo cha mbegu za kufukiza husuda, alipiga ukelele mfupi na kuuzima kwa ushungi wake.

Mahrokh aliutazama mkono ule mrefu.

Aliifuma yeye, mwaka jana. Mkono wa kushoto ulirefuka kwa sababu alikuwa akiufuma huku simu imebanwa sikioni, na upande wa pili Ardeshir anamwongelesha upuuzi mpaka akasahau kupima. Alimpa Yunes. Yunes aliivaa hadi ikawa ngozi yake. Siku aliyokamatwa alikuwa ameivaa hiyo hiyo.

"Yuko wapi?" midomo yake iliuliza bila sauti.

Ardeshir alipiga magoti kana kwamba anakusanya sukari iliyomwagika. Bi Shahin alikuwa amegeuka kumtuliza shangazi mmoja. Ilikuwa nafasi ndogo sana, Ardeshir akaitumia.

"Anakunywa chai kule mji wa Najafabad. Zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Ametoka getini na suti yangu na maua yako, nikamwambia akunje uso kama mtu anayeoa. Walinzi wamedhani ndiye mimi, wamempigia saluti, wamempa na hongera. Hii sweta singeweza kuiacha kule, na getini wanapekua mizigo. Hawapekui koti la afisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama yangu yuko juu ya kichwa changu anasugua sukari, nikuambie vipi?" Akaokota kipande cha sukari. Kisha, kwa shida, "Na ungejua, ungesema ndiyo kwa shukrani. Sikutaka unilipe, Mahrokh. Nilitaka usimame mahali ambapo unaweza kusema hapana."

Sema hapana. Nani amekushika mkono?

Maneno yale yale yalimrudia, na safari hii yalimchoma upande mwingine. Machozi yalimjia, akayameza. Asingempa faida ya kumwona akilia, siyo baada ya kumfanya amchukie vizuri namna ile.

"Mjinga wewe," alinong'ona. "Wakikukamata?"

"Basi utakuwa umeolewa na mfungwa. Kaka yako atakufundisha siku za kupeleka chakula."

Kizingitini viatu vilisogea. Kanali Forutan alikuwa amesimama. Alikuwa anaitazama sweta ile, na rangi yake ilianza kupanda kutoka shingoni. Kijani kama kile hakisahauliki. Aliwahi kusimama nje ya nondo, akamtazama kijana aliyekivaa, na kumwambia ana mdomo mchafu.

"Sheikh," alisema Mahrokh haraka, kabla ya mtu mwingine kusema, "zawadi nimeipata."

"Alhamdulillahi," alisema Sheikh Mortaza, aliyekuwa anataka kwenda nyumbani. "Unanipa uwakala?"

Alimtazama baba yake mlangoni. Alimtazama mama yake, aliyekuwa akitabasamu huku ameuma ushungi. Angeweza kusema hapana. Kwa mara ya kwanza tangu Kanali anywe ile chai, mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua alikuwa amepiga magoti chini, nywele zimejaa sukari.

"Kwa ruhusa ya baba yangu, mama yangu na wakubwa wote," alisema, "ndiyo." Na chini kwa chini, kwa mmoja tu: "Na sijakusamehe, Ardeshir."

Alimwita jina. Neno Luteni lilikuwa limekwisha. Vigelegele vikapaa, mama mdogo Turan akiongoza kwa sauti ya kuvunja vyombo.

Kanali hakupiga makofi. Alingoja kelele ipungue.

"Ardeshir. Vaa koti lako. Tunatoka, mimi na wewe. Sasa hivi."

Kila mtu alielewa kuwa hilo halikuwa jambo la harusi. Ardeshir aliinuka, mkono wa sweta ukimfunika vidole.

"Si langu tena, baba. Nimempa mke wangu, mbele ya Sheikh. Muombe yeye."

"Kwani bila koti la jeshi siwezi kutoka nawe barabarani?" Kanali alisema, na hapo hapo akasikia alichokisema. Kwa kuwa nje, mtaa mzima ulikuwa umejaa watu waliokuja kula peremende za Haji. Afisa anayemsindikiza kijana mwenye sweta ya nyumbani, siku ya harusi yake, angeonekana anamkamata, na asingefika hata kona. Akamgeukia Mahrokh na kunyoosha mkono. "Mwanangu. Nipe hilo koti."

Mahrokh alisimama. Alilikumbatia koti lile zito kifuani kwa mikono miwili, kucha zimezama ndani ya sufu, akainama kwa adabu iliyomfanya mama yake ajivunie.

"Baba mkwe wangu, si kitu mbele yako. Hili koti, mimi mwenyewe, nyumba hii, vyote ni vyako. Lichukue, nakuomba."

Mtoto wa miaka mitatu wa Isfahan anajua kuwa kitu kinachotolewa kwa maneno hayo hakichukuliwi. Anayekichukua ni mshenzi asiye na mama, na atasimuliwa mpaka wajukuu. Kanali Forutan alikuwa mtu wa mambo mengi, lakini alikuwa na mama.

Mkono wake ulibaki hewani. Kisha ukashuka.

"Lina mwenyewe," alisema kwa meno yaliyobana, kama adabu inavyodai. "Limekaa mahali pake."

"Hapana, naapa, lichukue!"

"Haiwezekani, mwanangu."

"Utanivunja moyo, baba."

"Limekaa mahali pake!" alinguruma, akageuka, na akapita mlangoni wa kwanza bila kumkaribisha mtu yeyote atangulie.

Haji Nasrollah alimtazama akiondoka. "Hakuaga," alisema kwa masikitiko ya kweli.

Mama mdogo Turan alikwisha kuleta kibakuli cha asali. "Haya, haya! Kabla hajarudi na kifaru!"

Ardeshir alichovya kidole chake cha mwisho ndani ya asali, kama desturi, na kukipeleka midomoni mwa mke wake.

"Useme neno tamu," alimwambia.

Mahrokh alimtazama vizuri, macho yale mekundu, sukari ile kichwani, sweta ile mbaya. Akafungua midomo, akapokea asali yote, kisha akamng'ata kidole mpaka akaruka.

"Hiyo ni ya maua," alisema. "Ya suti bado."

Na kwa mkono mmoja, chini ya koti, alikuwa amemshika Ardeshir asiende popote.